Shukrani kwa mzee wa kofia ya kijani

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuuliza, na hilo najilaumu, kwa hiyo nakushukuru hapa hadharani.

Ni mimi niliyedondosha daftari la ndege kwenye daraja la mbao, asubuhi ile ya majira ya kuchipua. Uliniita, ukanirudishia likiwa limelowa pembe moja, ukaniomba radhi kwa kulichungulia. Nilikuwa nimeandika "mbayuwayu 14". Hukunicheka. Ulinipa darubini yako ukasema, "Mtazame mgongoni, pale mkia unapoanzia." Palikuwa peupe pe! Yule niliyemdhania ana koo la rangi ya kutu na manyoya mawili marefu mkiani. Hawa hawakuwa na lolote kati ya hayo. Ni jamaa zake tu, wale wanaojenga viota vya matope chini ya ukingo wa paa. Wiki tatu nzima nilikuwa nawachanganya.

Halafu ukaniambia niandike saa ya kuanza na ya kumaliza, na siku nisipoona kitu nayo niiandike. Hilo lilinishangaza kuliko ndege wenyewe.

Fikiria, kiumbe wa gramu 20 hivi anavuka jangwa la Sahara, anafika salama, kisha mimi namwandika kwa jina la binamu yake! Nimesharekebisha kurasa zote. Asante sana, mzee wangu, asante tena. Penseli yako niliondoka nayo bila kujua. Kila Jumamosi naja nayo pale darajani.