Kuhusu nundu ya Chui

Rafiki yangu Zawadi,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Mbwa wako Chui ana nundu ngumu juu ya jicho, haimuumi, umeonyeshwa eksirei moja na kuambiwa "tusubiri tuone". Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nikasubiri miezi mitatu, kumbe nundu ya mbwa wangu Bosi ilikuwa inakua kwa ndani.

Eksirei ya kichwa ina shida moja: mifupa yote ya fuvu inalaliana kwenye picha. CT, mashine ya eksirei inayozunguka mwili, hukipiga kichwa picha za vipande vyembamba kabisa, kimoja kimoja. Bosi alipewa nusu kaputi, maana mbwa huwezi kumwambia atulie, na mashine ikamaliza kwa dakika chache. Daktari akanionyesha uvimbe wenye kingo safi, ndani yake kama bisi zilizogandana. Sura hiyo, akasema, ni ya saratani inayochanganya mfupa na gegedu. Huota zaidi kwenye fuvu, hukua taratibu, lakini ikiachwa mabaki hurudi. Osteosakoma, saratani nyingine ya mfupa, kwa kawaida hula mfupa ovyo, hujui imeishia wapi. Hata hivyo alikata kinyama kikapimwe maabara. Picha peke yake haitoshi kuipa saratani jina.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, ilifuata kwa sababu mfupa wa upande wa ubongo ulikuwa umeliwa. Hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri ubongo, utando wake, na ule mshipa mkubwa wa damu upitao chini ya utosi, ambao mpasuaji hataki kukutana nao kwa bahati mbaya.

Sasa sikiliza: omba mapafu yapigwe kwenye CT hiyo hiyo, usingizi huo huo, kwani saratani hizi hupenda kukimbilia huko. Mimi sikujua, Bosi akalazwa usingizi tena kwa ajili ya kifua tu. Bado najilaumu.

Wakikuambia watatoa kipande kikubwa cha fuvu, usizimie. Mwaka 2018 madaktari, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada, walimwekea mbwa mmoja aina ya dachshund bamba la titani lililochapishwa kwa mashine ya 3D kwa vipimo vya picha zake za CT, badala ya karibu asilimia 70 ya sehemu ya juu ya fuvu lake.

Picha zidai kwenye diski, si karatasi. Mpasuaji atataka kuzigeuzageuza mwenyewe. Na ukishajua siku, niandikie. Nitakuja tukae wote pale nje ya chumba.

Wako,
Subira