Kamera za pwani zinafia kabatini

Mhariri,

Masika yanakaribia. Naomba nafasi niseme na wenzangu wapenda picha wa mwambao huu, kuanzia Tanga, Pangani na Bagamoyo hadi Unguja, Pemba na Mombasa. Kamera nyingi za huku kwetu haziharibiki kwa kutumika, zinaharibika kwa kuwekwa. Mtu anaifungia kamera katika begi lake la ngozi, begi linaingia kabatini chini ya mashuka, mlango unafungwa. Inapokuja kutolewa siku ya Idi au harusi ya ndugu, lenzi imeota fangasi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tanga. Picha napiga kwa mapenzi tu, silipwi. Napiga ngalawa zinaporudi Deep Sea alfajiri, magofu ya Tongoni, wazee wa Ngamiani na baiskeli zao, na nikipata nauli napanda Amani, kwenye milima ya Usambara, kupiga vipepeo na maua ya msituni. Kwa kuwa watu wananiona na kamera shingoni, wazazi na wanafunzi wangu wa zamani wananijia na swali lile lile: "Mwalimu, ninunue kamera gani?" Wanatarajia niwatajie jina na idadi ya megapikseli. Mimi huanza kwa kuwauliza wataiweka wapi, na wengi hawajawahi kulifikiria hilo.

Mbegu za fangasi zimo hewani kila mahali, hata ndani ya lenzi iliyotoka dukani jana. Hustawi zaidi zikipata giza, hewa iliyotulia na unyevu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 au 70 siku nyingi mfululizo, zinaota. Wakati wa masika kipimo nilichoning'iniza ukutani kwangu husoma zaidi ya asilimia 80 asubuhi nyingi, na kabati lililofungwa halina nafuu yoyote, kwa sababu nguo na mbao zimeshanyonya unyevu huo huo. Fangasi hutambaa juu ya kioo kama utando wa buibui na kutoa tindikali inayokula ule mpako mwembamba wenye rangi ya zambarau au kijani unaouona ukiigeuza lenzi kwenye mwanga. Ikiwahiwa, fundi anayeijua kazi anaweza kuifungua lenzi na kuifuta. Ikichelewa, fangasi itatoka lakini alama yake imeshachimbwa kwenye kioo, na kila picha utakayopiga kuelekea mwanga itapauka.

Dawa yake si ya matajiri. Yapo makabati ya umeme yaliyotengenezwa kwa kazi hii, na mwenye uwezo anunue. Mimi natumia sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana na mpira pembeni, haigromita ndogo ya betri (kipimo cha unyevu wa hewa) ndani yake, na punje za silika, zile zinazonyonya unyevu, ndani ya kifuko cha kitambaa. Vyote pamoja havikufika shilingi 50,000. Lengo ni haigromita isome kati ya asilimia 40 na 50. Usikaushe kupita kiasi, maana hewa kavu mno nayo si rafiki wa mafuta na mipira iliyomo ndani ya lenzi. Vile vipakiti vinavyokuja na maboksi ya viatu havitoshi. Ni vidogo, na mara nyingi vimeshashiba maji kabla havijakufikia. Tafuta punje zinazobadili rangi ili ujue zimeshiba lini. Ziko za bluu zinazogeuka waridi, na ziko za machungwa zinazogeuka kijani. Ukiweza chukua za machungwa, kwa sababu bluu ile inatokana na chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu, na nyumba zetu zina watoto. Zikishiba hazitupwi. Ovena ya nyuzi 120 kwa saa mbili inazirudisha, na asiye na ovena atumie sufuria kuukuu juu ya moto mdogo wa mkaa, sufuria ambayo haitapikiwa chakula tena.

Mchele sikubaliani nao kabisa. Najua wengi wanazika simu iliyolowa kwenye mchele, na sasa naona wengine wanafukia na lenzi. Mchele unanyonya unyevu kidogo mno, na vumbi lake la wanga linaingia kwenye kila mwanya.

Begi la ngozi na sifongo lilitengenezwa kwa kubebea. Ukirudi nyumbani kamera itoke humo, begi lianikwe. Na iliyo bora kuliko vyote ni kuitumia. Lenzi inayotoka nje kila wiki, ikaona jua na upepo, fangasi haipati nafasi ndani yake. Kwa hiyo ninapomshauri mtu anunue kamera ndogo ya bei nafuu badala ya kubwa ya kifahari, sababu yangu haiishii kwenye fedha. Nimeshaona mara nyingi kamera ya bei kubwa ikiogopwa na mwenyewe. Haendi nayo ufukweni, haipandishi daladala, haigusi siku ya mawingu. Inabaki kabatini, na kabati ndilo linaloiua.

Sasa nije kwenye kuchagua. Kama simu yako inakutosheleza kwa picha za familia, baki na simu, hakuna aibu. Anayetaka kamera kwa sababu anataka kutawala mwanga, kupiga ndege aliye mbali, au kupata sura ya mtu ikiwa safi na nyuma pamelainika, huyo wakati huu una neema kwake. Makampuni makubwa yamehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani (kile kinachoinuka kamera inapopiga), na zile zenye kioo zimeshuka bei sana kwenye soko la mitumba. Nikon D90, kwa mfano, ilitoka mwaka 2008 ikiwa na megapikseli 12. Vijana wanaicheka. Picha ya megapikseli 12 iliyopigwa vizuri unaichapisha kwenye karatasi ya A3 na kuitundika sebuleni, na hakuna mgeni atakayeuliza idadi yake. Pale Mji Mkongwe, Unguja, ipo Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha zake za zamani za majahazi, mitaa na watu bado zinasimamisha wapita njia, na zilipigwa katika hewa hii hii ya chumvi tunayoilalamikia, miaka mingi kabla ya megapikseli.

Fedha unayookoa kwenye mwili wa kamera iweke kwenye lenzi. Ile ya kawaida inayokuja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho uwazi wake, yaani tundu la kupitishia mwanga, ni 5.6; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye uwazi wa 1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Hesabu hiyo huwa nawafanyia wanafunzi ubaoni: gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Mara 10 ndiyo tofauti ya kupiga maulidi ya usiku ukaona nyuso za watu, au kurudi nyumbani na vivuli vinavyotikisika. Lenzi hiyo ni nyepesi, haina makuu, na iliyotumika haiko mbali na mfuko wa mwalimu.

Hapo kuna mtego unaowakamata wengi, hivyo nauelezea taratibu. Kamera ndogo za Nikon, kama D3100 na ndugu zake, hazina ndani ya mwili mota ya fokasi, ile inayozungusha lenzi ili picha iwe kali. Ukizifunga lenzi ya zamani iliyoandikwa AF bila herufi S, itashika na picha itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Kijana mmoja alikuja kwangu akiwa karibu kulia, anaamini ameuziwa lenzi mbovu, kumbe lenzi ilikuwa nzima na ikafanya kazi papo hapo kwenye D90 yangu, ambayo mota inayo. Kwa D3100 tafuta iliyoandikwa AF-S. Upande wa Canon mambo ni mepesi zaidi: lenzi za EF, zilizoanza mwaka 1987, zina mota zake ndani na zinashika kwenye kamera zote za EOS zenye kioo. Zile za EF-S tu ndizo zisizokubali kila mwili.

Ukienda kununua ya mtumba, nenda mchana na tochi. Simu inatosha. Vua vifuniko vyote viwili vya lenzi, fungua uwazi mpaka mwisho, mulika kutoka nyuma huku unachungulia mbele kwa pembeni. Vumbi kidogo si neno, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi, madoa yaliyotawanyika kama matawi, au ukungu mweupe katikati ya vioo. Kisha piga picha ya anga tupu kwa uwazi mdogo, namba 16 hivi, ukuze picha kwenye kioo. Madoa meusi yatakuonyesha uchafu wa kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Uliza kamera imeshapiga picha ngapi, maana shata, pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga, ina umri wake: ya D90 ilijaribiwa kwa mipigo 100,000. Halafu, na hili wauzaji wengi hawalitarajii, angalia vichwa vya skrubu. Kamera iliyoishi pwani bila kutunzwa ina kutu kwenye skrubu za chini na pale juu panapokaa flashi, na mlango wa betri ukifunguliwa utaona ukijani kwenye shaba. Hiyo iache hata kama bei inakuvuta. Chumvi ikishaingia ndani haitoki.

Memori kadi feki zimejaa. Moja niliyouziwa dukani iliandikwa gigabaiti 64, ndani haikuwa na hata robo yake, na picha za mwisho zikawa zinaandikwa juu ya za mwanzo. Ipo programu ya bure ya kompyuta, H2testw, inayojaza kadi yote na kukwambia ukweli. Ipime kadi kabla hujaipeleka kwenye harusi ya mtu.

Kuhusu usafi nitasema machache, kwa sababu makosa mengi yanatokana na kusafisha kupita kiasi. Kwanza pulizia kwa pampu ya mkono, ile ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Punje ya mchanga iliyobaki kwenye kioo ukiifuta kwa ncha ya kanga au shati umeshakwaruza. Baada ya kupuliza, tumia kitambaa laini cha miwani, kwa mzunguko mwepesi. Kile kioo cha ndani kinachoinuka kamera inapopiga usikiguse kabisa, mpako wake uko juu na unafutika. Ufukweni usibadilishe lenzi. Chagua moja nyumbani uende nayo. Ukirudi, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Betri usiiache ndani ya kamera miezi na miezi, na ukiihifadhi iwe na nusu ya chaji.

Wanaolala kwenye vyumba vya kiyoyozi wajue kwamba kamera baridi ikitoka ghafla kwenye joto la nje inatoa jasho, ndani na nje, kwa sababu mvuke wa hewa unakutana na kioo kilicho baridi kiasi cha kuugeuza matone ya maji. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto polepole. Anayeifuta na kuendelea kupiga ameufuta unyevu wa nje tu.

Nina ombi kwa wauzaji wa kamera za mitumba, wa Kariakoo, wa hapa kwetu na wa Mombasa. Mruhusuni mnunuzi aichungulie lenzi kwa tochi bila kumkasirikia, na nyinyi wenyewe msizipange lenzi miezi kadhaa kwenye kabati la kioo lililofungwa, halafu mkauza fangasi pamoja nazo. Haigromita moja ndani ya kabati la duka ni gharama ndogo. Na ndugu zetu wa Muscat, Dubai na Uingereza wanaotutumia kamera kwa upendo, Mungu awalipe. Mkiweza tieni ndani ya mzigo kilo ya silika. Mnakoishi pengine hamuihitaji, huku ndiyo itakayoiweka kamera yenu hai.

Na wewe uliye na kamera kabatini, usingoje mvua. Itoe, imulike leo. Ukikuta nyuzi kwenye lenzi, usiiweke sanduku moja na nyingine, na usijaribu kuifungua kwa bisibisi ya fundi simu. Ianike penye mwanga na upepo bila kuielekeza kwenye jua, kisha mtafute fundi wa lenzi wiki hii hii, wakati mpako haujaliwa.

Mwalimu wa Fizikia,
Ngamiani, Tanga