Kabla ya kuchukua fomu ya kugombea bodi

Ndugu Mhariri,

Uchaguzi wa vyama vya wanataaluma ukikaribia, wagombea huahidi mengi, ila ni wachache wanaosema kama wanajua kusoma taarifa ya fedha. Nimetumikia bodi ya chama chetu mihula miwili, na hilo linaniuma.

Katika kikao changu cha kwanza tuligawiwa kabrasha nene tukiwa tumeshaketi. Kwenye taarifa ya mapato na matumizi palikuwa na mstari mmoja, "matumizi mengineyo", mkubwa kuliko fungu zima la mafunzo ya wanachama. Nikanyoosha mkono, nikauliza ni matumizi gani hayo. Kimya. Mhazini akafunua karatasi mbele na nyuma. Mwenyekiti akasema tusonge mbele, muda umekwenda. Nami nikanyamaza. Mpaka leo najuta.

Mjumbe akishachaguliwa si wa tawi lake tena wala wa waliompigia kura. Anawajibika kwa chama kizima. Makabrasha yafike angalau siku 7 kabla ya kikao. Mwenye maslahi katika zabuni aseme wazi, atoke chumbani, na muhtasari wa kikao uandike kwamba alitoka. Aliyepinga uamuzi naye aandikwe.

Wanachama nasi tujitokeze: mkutano mkuu ukivunjika kwa kukosa akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali, bodi haina wa kuiuliza maswali.

Nawaomba wanaotaka kugombea waombe kwanza katiba ya chama na hesabu zilizokaguliwa za miaka 3 iliyopita, wazisome, ndipo wachukue fomu.

Mjumbe mstaafu wa bodi