Matumbawe ya sebuleni yanakufa kwa maji yaliyosimama

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na ndugu zangu wa Arusha na Moshi ambao siku hizi wanaweka sebuleni matangi ya maji ya chumvi yenye matumbawe. Mimi ni fundi wa pampu. Kazi yangu kubwa ni visima na matangi ya juu ya nyumba, lakini watu wanajua nimezaliwa Pangani, kando ya bahari, kwa hiyo simu za matangi ya samaki nazo huishia kwangu. Malalamiko ni yale yale: matumbawe yamejikunja, yamepauka, yanaoza kuanzia chini. Wa kwanza kulaumiwa ni maji ya Arusha, halafu chumvi, halafu taa. Pampu haitajwi.

Chukua tanki la mama mmoja wa Njiro. Urefu sentimita 120, upana 50, kina 50, yaani lita 300. "Fundi," aliniambia, "chumvi nimebadilisha, taa nimenunua mpya, maji nayachuja kwa mashine. Sasa kuna nini tena?" Na kweli alikuwa hajakosea kitu. Maji ya huku yana floraidi, naye alikuwa anayapitisha kwenye chujio la RO, lile linalosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha madini nyuma, kabla ya kutia chumvi. Chumvi ilisoma gramu 35 kwa kilo, joto nyuzi 26. Tatizo ni kwamba aliyemuuzia tanki alimpa pampu moja tu, imeandikwa lita 3,000 kwa saa, ikakaa chini kabatini ikipandisha maji mita moja na nusu kupitia elbo nne, vile viungio vya kona vya bomba. Nikakinga ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba. Ilijaa kwa dakika moja. Hizo ni lita 1,200 kwa saa, tanki zima linazunguka mara nne tu.

Namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji hata kidogo. Kimo hupunguza, elbo hupunguza, bomba jembamba hupunguza, na chokaa inayoganda ndani ya pampu hupunguza zaidi. Fundi yeyote wa kisima analijua hili, lakini likifika kwenye tanki la samaki linasahaulika. Ndoo na saa ya simu vinatosha kupima. Pimeni.

Matumbawe laini yanataka maji ya tanki yazunguke kati ya mara 10 na 20 kwa saa. Yale magumu yenye matawi yanataka mara 30, 40, hata zaidi. Kwa tanki la lita 300 tunazungumzia lita 3,000 hadi 6,000 kwa ya kwanza, na lita 9,000 hadi 12,000 kwa ya pili. Pampu ya kabatini haiwezi kazi hiyo, wala si yake. Yeye kazi yake ni kupitisha maji kwenye chujio. Mkondo unaletwa na pampu za mawimbi, zile fupi zenye propela zinazoshikwa na sumaku kwenye kioo. Kwa sababu hazipandishi maji, zinayasukuma tu, zinaweza kutembeza maelfu ya lita kwa wati chache.

Kwa nini yote haya? Kwetu Pangani bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na kupwa hupita mita tatu. Maji yote hayo huvuka juu ya mwamba yakienda, kisha huvuka tena yakirudi. Ongeza mawimbi ya kusi, ongeza ya kaskazi. Hata siku za maji mafu, mwamba haupumziki kusukwasukwa. Na tumbawe ni mnyama aliyegandama mahali pamoja. Hawezi kufuata chakula, hawezi kuukimbia uchafu wake. Juu ya ngozi yake hukaa tabaka jembamba la maji yasiyotikisika, na kila anachovuta na anachotoa lazima kivuke hapo. Mkondo ukilegea, tabaka hilo hunenepa. Usiku anakosa oksijeni. Mchana ni kinyume: mwani mdogo mno unaoishi ndani ya mwili wake hutengeneza oksijeni kupita kiasi, nayo isipochukuliwa na maji inamuunguza. Ute wake hubaki umemganda, uchafu unanasa kwenye ute, kisha kuoza kunaanza. Mwaka 1998, joto la bahari lilipopausha matumbawe sehemu nyingi duniani, ikiwemo pwani yetu, watafiti waliochunguza miamba ya Okinawa, Japani, waliihusisha nafuu ya baadhi ya matumbawe na nguvu ya mkondo uliokuwa unayapitia. Mtu akiniambia mkondo ni urembo wa tanki, namkumbusha hilo.

Huku mlimani tuna sababu ya ziada. Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Maji ya chumvi ya nyuzi 26 yaliyoshiba hewa pale Tanga hubeba takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita. Hapa Arusha hayafiki 5.7. Moshi ipo chini yetu, hali ni nafuu kidogo, lakini si ya pwani. Kwa hiyo pampu moja ielekezwe juu kidogo, uso wa maji utikisike, utando wa mafuta upasuke, hewa iingie. Uso wa tanki ukionekana laini kama kioo cha meza, jueni viumbe wa ndani wanahema kwa shida.

Lakini nguvu peke yake haitoshi. Nimeona mtu kaelekeza pampu kubwa moja kwa moja kwenye tumbawe, nyama yote ikachubuka upande mmoja, ukabaki mfupa mweupe. Baharini maji huja na kurudi. Weka pampu mbili, moja kila upande, mikondo yake ikutane katikati au igonge kioo cha mbele, na kama zina kidhibiti, zipokezane. Mawe yasiegemezwe kwenye kioo cha nyuma; acha nafasi ya kiganja, na panga yenye mapango ili maji yapite katikati yake. Halafu kaa kimya utazame. Vidole vya matumbawe viyumbe huku na huku, visilale upande mmoja. Takataka zikirundikana nyuma ya jiwe, au utando mwekundu ukianza kwenye mchanga, hapo pana maji yaliyolala.

Mama wa Njiro aliweka pampu mbili za mawimbi zinazotosha matumbawe yake, ambayo ni laini. Leo yamefunguka, na wanawe wananiuliza maswali ambayo watoto wa Pangani huyauliza wakiwa majini hadi magotini.

Umeme ukikatika, kinachoua mapema ni kusimama kwa maji. Taa zinaweza kungoja. Pampu ya mawimbi ya volti 12 inayokula wati 10 itakwenda usiku kucha na mchana wake kwa betri ya sola ya ampea-saa 50, bila kuimaliza betri hata nusu. Mwezi wa Julai, baridi ikishuka, funika tanki kwa blanketi huku pampu ikiendelea.

Na tafadhali, msipige simu Tanga kuagiza mawe yaliyong'olewa mwambani. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka wa nchi bila kibali, na tangu 2009 kuna hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki adimu wa kale, inayoshuka kutoka Tanga kuelekea kwetu. Nunueni vipande vilivyokuzwa tankini, vyenye karatasi zake. Miamba ya nyumbani imeshapigwa baruti vya kutosha, inaniuma kuiona ikipakiwa basi kuja kufia Arusha.

Kwa wenye maduka ombi langu ni hili: msimuuzie mtu tanki la matumbawe bila pampu mbili za mawimbi na betri yake, na mumwandikie kwenye risiti lita halisi zinazofika juu, mkiwa mmezipima mbele yake kwa ndoo.

Fundi pampu,
Kijenge, Arusha