Wa Dodoma mnaokwenda Maziwe, angalieni mwezi kwanza

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wenzetu wa Dodoma wanaopanga kwenda Pangani sikukuu zijazo, kukizunguka kisiwa cha Maziwe kwa kayaki. Wengi wetu huku tumejifunzia kupiga kafi bwawani, Hombolo au Mtera. Bwawa hupungua polepole, tangu mvua zinapokatika hadi Novemba, na ulipoiacha kayaki asubuhi utaikuta jioni. Bahari hupungua hivyo kwa saa sita tu, mara mbili kwa siku. Maziwe yenyewe ni fungu la mchanga: siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakijaa linazama lote. Zamani lilikuwa na mivinje. Leo hakuna mti wa kufungia kamba wala wa kukaa chini yake.

Ndiyo maana tarehe ichaguliwe kwa mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, kwa hiyo Idd el-Fitri iko kwenye bamvua kila mwaka. Pasaka huangukia ndani ya juma linalofuata mwezi mpevu, tena wakati wa masika, mto Pangani ukiwa umejaa na kutoa magogo baharini. Sisi Pasaka hatumshauri mgeni wa kayaki aende. Nanenane nayo imo katikati ya kusi, upepo ambao humchosha hata mwenye mikono iliyozoea. Oktoba na Novemba, kusi ikishakatika na upepo wa kaskazi haujashika, ndipo bahari huwa na heri.

Siku za bamvua katika pwani hii maji hupwa yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi jioni. Kila siku huchelewa takriban dakika 50, hata baada ya juma moja mambo yanakuwa kinyume: saa nne maji yamejaa. Waulizeni wavuvi au someni jedwali la maji la Tanga, msikisie.

Tuseme ni bamvua. Kutoka Pangani hadi kisiwani ni yapata kilomita 8, na kundi la wanaojifunza huenda kilomita 4 kwa saa. Ingieni majini saa moja na nusu asubuhi. Maji yanatoka mtoni, umande unavuma kutoka bara, vyote vinawasukuma upande mmoja. Saa tatu na nusu mmefika, na fungu liko wazi. Zungukeni hapo hapo, kabla ya kula, mkipita nje ya matumbawe na mbali na povu jeupe. Upande wa mashariki ndiko mawimbi ya bahari kuu huvunjikia. Teremkeni upande wa magharibi, kwenye mchanga mtupu, bila kukanyaga matumbawe.

Hapa ndipo watu hukosea. Wanaona mchanga mpana, wanatandika mikeka, wanawasha jiko. Maji yakipanda mita 3, hayapandi sawasawa: saa ya kwanza sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, kisha 50 na 25. Kwenye mchanga unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, saa ya tatu peke yake inakula zaidi ya mita 37 za ufuo. Kayaki isiyofungwa inaelea yenyewe, na hakuna aogeleaye akaifikia upepo ukiisukuma. Zifungeni zote pamoja kwa kamba, mmoja azikalie, na saa sita kamili kila mtu awe majini.

Mkiondoka saa hiyo mtafika mlango wa mto saa nane, maji bado yanaingia, nao upepo wa mchana uko mgongoni. Hatari ni kurudi maji yanapotoka. Mkondo wa mto ukikutana na upepo wa baharini, mawimbi husimama wima mlangoni, mafupi na ya karibu karibu, nayo huipindua kayaki iliyokaa ubavu. Siku za maji mafu, yaani juma moja baada ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, mkondo ni dhaifu, lakini maji huwa yanatoka kuanzia saa nne hadi saa kumi, yaani saa zenyewe za kurudi. Siku hizo anzieni na kuishia ufuoni Ushongo, kusini mwa mto, na mto wenyewe muuache kabisa.

Kila mtu avae jaketi la kuokolea lililofungwa, si la kukalia. Bebeni filimbi, maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu, kamba ya kuvutia ya mita 15, simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Kagueni vizibo vya kayaki kabla ya kuondoka; kilicholegea hujaza tumbo la chombo bila kuonekana. Kodini boti ya injini ya wenyeji iwafuate, na kwa kuwa Maziwe ni eneo tengefu, lipeni kiingilio mapema.

Tunawaomba waandaaji wa safari waandike saa ya kupwa na ya kujaa kwenye tangazo, kando ya nauli.

Wapiga kafi,
Dodoma