Mwendo wa baiskeli, nakubali

Ndugu Mhariri,

Msomaji aliyelalamika katika toleo lenu lililopita kwamba kutembea baharini kwa mashua ya tanga ni kulipa pesa nyingi ili uchelewe, amenichekesha, na kwa hesabu hakukosea. Mashua ya mita 10 au 11, ikipata upepo wa wastani, huenda kama maili 5 za baharini kwa saa, yaani kilomita 9 na ushei. Baiskeli inatupita. Upepo ukitoka omo, yaani mbele ya chombo, ndiyo kabisa: tunabisha, mara huku mara kule, tunakata maji mengi kupata njia kidogo.

Ila nahisi mwenzangu alipanda kama abiria, na abiria kazi yake ni kungoja kufika. Aliyezoea chombo hangoji chochote, maana mikono yake haina nafasi. Chukua dakika ile ya kuzima mashine. Mmetoka bandarini mkitetemeka na kunuka dizeli, tanga limeshatwekwa lakini linapigapiga tu. Unavuta demani, ile kamba ya kulikaza tanga, linajaa, unazima. Watu hudhani hapo kimya kinaingia. Kumbe ndipo masikio yanapozibuka: maji yanateleza ubavuni, kamba inalia kwenye kapi, kijiko kinagonga kikombe kule jikoni. Mashua inalala upande kidogo, uzito wa mkuku, ule uti wa chini ya chombo, unaizuia isizidi, kisha inashika njia. Nimefanya hivyo miaka mingi na bado mwili unanisisimka.

Anasema pia usukani haukuachii. Si kweli, matanga yakipangwa sawa chombo hujiongoza. Joshua Slocum, wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, alitoka kisiwa cha Thursday, kaskazini mwa Australia, hadi visiwa vya Cocos katika Bahari ya Hindi, maili 2,700 hivi, kwa siku 23. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku zote hizo hakukaa usukanini zaidi ya saa 3. Alikuwa na vitabu vyake. Msafiri wa ndege gani amewahi kupewa siku 23 za kusoma?

Maisha ya ndani ni ya kubanana, sifichi. Tangi letu ni la lita 200, kwa hiyo vyombo tunaosha kwa maji ya bahari na kusuuza kwa kikombe kimoja. Kisichofungwa kitaruka. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya chombo, ngama ni kule chini kabisa yanakokusanyika maji), na mimi nashuhudia: kila miwani na kila ufunguo uliopotea nimeuokota humo ngamani, umelowa mafuta. Hata ugomvi hauna mlango wa kubamiza. Mnanuniana kidogo, upepo unaongezeka, kuna tanga la kupunguza, basi mnasemeshana.

Usiku nangani ndio niupendao kuliko yote, ingawa ndio unaoninyima usingizi. Kwenye kina cha mita 5, omo ikiwa mita 1 juu ya maji, nateremsha mnyororo mita 30, mara 5 ya jumla hiyo, ili ulale chini na kuivuta nanga kwa ubapa. Ukiwa mfupi huinyanyua na kuing'oa. Kitandani nasikia kila pete ya mnyororo kupitia ubao. Upepo ukigeuka, unakwaruza mawe, krrr, kisha unanyamaza. Hapo nageuka upande. Usiponyamaza, naamka. Usiku mmoja nilitoka na nguo ya ndani tu, nikalinganisha mti na jabali nililoweka alama jioni: havikuwa vimeachana hata kidogo. Chombo hakijasogea, ni mnyororo tu unajipanga. Niliporudi, mwenzangu alikuwa ameshatanda kitanda kizima, nikamalizia usiku nimekaa jikoni, mkono juu ya ubao, nikisikiliza.

Mwambie msomaji huyo, Mhariri, akialikwa tena asikubali kukalishwa tezini na glasi mkononi. Aombe demani.

Ni mimi,
Msomaji wenu wa chomboni