Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Nyumba Zetu na Mipaka ya Shule

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu,

Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka Germantown na baridi hii. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zimekuja kwa kusuasua, na sufuria mbili za chama zilizoazimwa wakati wa msiba bado hazijarudi. Aliye nazo anajijua.

Mwaka jana mlinichagua mkanipa kazi moja juu ya zile za kawaida. Mlisema tumechoka kuwa chama cha misiba na harusi peke yake, sasa tufuatilie shule za watoto wetu hapa Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland. Kazi nimeifanya, ila lazima nikiri kwamba tulimshika ng'ombe mkia. Tulikimbilia mikutano ya shule, kumbe sehemu kubwa ya mambo ya shule huwa imekwisha kuamuliwa kwenye mikutano ya nyumba, tena miaka kadhaa kabla.

Wengi wetu tumesoma enzi za mitihani ya taifa na shule za bweni, mtoto wa Kigoma akipangiwa Tanga au wa Kisumu akipelekwa Mombasa. Hapa mtoto hupangiwa shule kwa anwani. Ukipanga chumba Briggs Chaney, umeshachagua shule hata kama hukujua. Ukinunua nyumba Potomac kwa matajiri, umenunua na dawati. Kwa hiyo swali la nani anakaa na nani darasani linarudi kwenye swali la nani anaruhusiwa kujenga nini, na wapi. Kaunti yenyewe imetenga karibu theluthi ya ardhi yake kwa kilimo tangu 1980, ekari 93,000 hivi. Sehemu kubwa ya iliyobaki, kwa miaka mingi, iliruhusiwa nyumba ya familia moja kwenye kiwanja kimoja na si zaidi.

Hata hivyo kaunti hii ina jambo ambalo sehemu nyingi za Marekani hazina. Tangu 1974 kuna sheria inayomlazimisha mjenzi wa mradi mkubwa kutenga sehemu ya nyumba kwa wenye kipato cha chini na cha kati. Ndizo zinazoitwa MPDU, nyumba za bei nafuu ambazo baadhi yenu mnaishi. Kwa sasa sheria inagusa miradi ya kuanzia nyumba 20, na sehemu inayotengwa ni asilimia 12.5 hadi 15. Mamlaka ya nyumba za umma ya kaunti nayo ina haki ya kununua baadhi ya nyumba hizo na kuzipangisha kwa familia maskini zaidi. Ndiyo maana unakuta familia inayolipiwa sehemu ya kodi ipo katikati ya mtaa wa magari ya kifahari, na kwa nje huwezi kuitofautisha nyumba yake na ya jirani.

Naomba mnivumilie nikae kidogo hapa, maana ndipo ulipo ushahidi tunaoutumia kila tunaposimama mbele ya wakubwa. Mwaka 2010 mtafiti Heather Schwartz alichapisha utafiti kuhusu watoto 858 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za umma za kaunti hii kati ya 2001 na 2007. Familia zao hazikuchagua mtaa, zilipangiwa kwa bahati nasibu. Wengine waliangukia kwenye shule zenye watoto wachache maskini, wengine kwenye shule zenye umaskini zaidi. Wakati huo wilaya ya shule ilikuwa imezigawa shule za msingi kuwa kanda nyekundu, yaani zenye umaskini zaidi, na kanda ya kijani, na kila mwanafunzi wa kanda nyekundu alikuwa akiongezewa takriban dola 2,000 kwa mwaka ili madarasa yawe madogo na walimu wapate mafunzo. Ukiniuliza mimi kabla sijasoma, ningesema fedha ndiyo itashinda. Haikushinda. Watoto wa nyumba za umma waliosoma kwenye shule zenye umaskini mdogo, walipofika mwisho wa shule ya msingi, walikuwa wamepunguza kwa nusu pengo la hisabati kati yao na wenzao wasio maskini, na kwa theluthi moja pengo la kusoma. Haikutokea mwaka wa kwanza. Ilichukua miaka mitano hadi saba, na ndiyo sababu familia inayohamishwa kila kodi ikipanda haiwezi kuiona faida hiyo.

Mzee mmoja wa kamati aliponisikia nikieleza haya aliuliza kama maana yake ni kwamba mtoto wetu hawezi kujifunza mpaka akae karibu na mtoto wa tajiri. Hapana, mzee wangu. Shule yenye wazazi wenye nafasi haikosi mwalimu wa hisabati kwa muda mrefu, kwa sababu simu zitapigwa. Mwalimu mzoefu haikimbii. Mtoto wetu akiwemo ndani, simu hizo zinapigwa kwa faida yake pia.

Sasa kasoro. Sheria hii ya 1974 ilianza na ukomo mfupi mno. Nyumba ya kununua ilibaki bei nafuu kwa miaka mitano tu, baadaye kumi, kisha ikaruhusiwa kuuzwa kwa bei ya soko. Ni mwaka 2005 ndipo muda ulipoongezwa hadi miaka 30 kwa za kununua na 99 kwa za kupanga. Katikati hapo maelfu ya nyumba zilichomoka. Kaunti ilikuwa inajaza ndoo iliyotoboka.

Mwaka huu mambo mawili yalikwenda sambamba. Bodi ya Elimu inachora upya mipaka ya shule za sekondari kwa sababu ya shule ya Woodward, iliyofungwa 1987 na sasa inafunguliwa tena, na ya Crown inayojengwa Gaithersburg. Kura inatarajiwa Machi 2026. Sera ya bodi inataja mambo manne ya kuzingatia, yaani mchanganyiko wa wanafunzi, umbali, uthabiti wa mipaka, na nafasi madarasani. Tumehudhuria vikao kadhaa na niwaambie ukweli, wengi waliosimama kwenye kipaza sauti walizungumzia umbali na uthabiti. Mchanganyiko ulitajwa zaidi na wanafunzi wenyewe. Bodi ina mjumbe mmoja mwanafunzi, anachaguliwa na wenzake na kura yake kwenye mipaka inahesabiwa. Vijana wetu wa sekondari, mwaka huu wangapi mlimpigia kura?

Upande wa pili, Julai baraza la kaunti lilipitisha marekebisho yanayoruhusu nyumba za familia mbili, tatu na maghorofa madogo kandokando ya barabara kuu kadhaa, mahali palipokuwa pa nyumba mojamoja. Mjadala ulikuwa mkali. Na siku ya kusikiliza maoni ya wananchi, chama chetu hakikuwepo. Mimi nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa mwanachama, na nusu ya kamati nilikuwa nao meza moja. Nalibeba kosa hilo. Tulikuwa na majina, tulikuwa na hoja, tukakosa mtu wa kusimama dakika zake mbili.

Kuna jambo zito zaidi. Kwenye kundi letu la WhatsApp wako waliopinga marekebisho hayo, nao ni wanachama wenzetu waliojinyima miaka kumi na zaidi wakaendesha malori na kukesha zamu za usiku hospitalini mpaka wakanunua nyumba kwenye mtaa wenye shule nzuri. Wanaogopa kwamba mpaka wa shule ukisogezwa, jasho lao limekwenda. Siwalaumu, na hofu yao si ya kuchekwa. Lakini nilisoma maneno "tabia ya mtaa wetu itaharibika" yakiwa kwa Kiswahili safi, nikaweka simu chini nikatoka nje kidogo. Maneno hayo tulikuwa tukiyasikia yakisemwa juu yetu. Kamati haijachukua msimamo kuhusu mapendekezo ya mipaka, na haitachukua mpaka tuzungumze leo, uso kwa uso, bila sauti za kurekodiwa.

Kuhusu kodi za pango, sheria ya ukomo inafanya kazi tangu Julai 2024. Ongezeko la mwaka haliruhusiwi kuzidi asilimia 6, au mfumuko wa bei ukijumlisha asilimia 3, iliyo ndogo kati ya hizo. Majengo ambayo hayajatimiza miaka 23 hayaguswi, kwa hiyo angalia umri wa jengo lako kabla hujagomba. Familia moja miongoni mwetu iliandikiwa notisi ya ongezeko kubwa kuliko linaloruhusiwa. Tuliwasaidia kuandika barua kwa idara ya makazi, na notisi ikarekebishwa. Watoto wao wamebaki shule ileile.

Kiswahili bado hakimo kwenye lugha kuu ambazo wilaya ya shule hutafsiria matangazo yake, ingawa Kiamhari kimo. Kwa sasa tunatafsiri wenyewe, na namshukuru katibu kwa hilo.

Mwakani, Juni, kuna uchaguzi wa mchujo wa viti vya baraza na bodi. Wenye uraia, hakikisheni mmejiandikisha. Wasio na uraia wanaoishi Takoma Park wanaweza kupiga kura ya mji wao, haki waliyo nayo tangu miaka ya tisini. Wengine wote tunaweza kutoa ushahidi mbele ya baraza, na hapo hakuna anayeulizwa pasipoti.

Kabla ya chakula naomba watu watatu wajiandikishe kwa katibu, mmoja wa vikao vya mipango miji, mmoja wa bodi ya elimu, na mmoja mwenye gari la viti saba. Tarehe za vikao ziko kwenye karatasi mlizopewa mlangoni. Mwenye sendofu siku hizo aseme mapema.